Jinsi ya kuufuatilia msimu wa mbio za magari za Formula 1 wa 1976 kwa daftari na penseli

Chukua daftari la hesabu, penseli na kifutio. Kifutio usikisahau, msimu huu kina kazi. Chora safu mbili za madereva waliogombea ubingwa: Lauda wa Ferrari, Hunt wa McLaren. Mwaka huo mshindi alipata pointi 9, waliomfuata 6, 4, 3, 2, 1.

Wengi huanzia Nürburgring, Ujerumani, 1 Agosti, Lauda alipoungua. Mimi nasema anzia Jarama, Uhispania. Hunt alishinda, gari likapimwa, likakutwa limezidi upana kwa sentimita 1.8, akanyang'anywa ushindi. Futa. Julai rufaa ikamrudishia; andika upya. Brands Hatch, Uingereza, ndipo watu wanapokosea: Hunt alishinda pale, lakini Septemba ushindi ukafutwa, na Lauda aliyekuwa wa pili akapanda kutoka 6 hadi 9. Pointi 12 za pengo, zote za mezani!

Monza, Italia, 12 Septemba, Lauda karudi na bandeji kichwani, akamaliza wa nne. Mpe 3 zake.

Kabla ya Fuji, Japani, mbio za mwisho, lazima usome Lauda 68, Hunt 65. Husomi hivyo? Rudi Brands Hatch. Siku ya Fuji mvua ilimwagika, Lauda akaegesha baada ya mizunguko miwili, nami simlaumu hata kidogo. Hunt alimaliza wa tatu. Jumlisha.