Vishale vya kibodi kwa mchoraji wa Blender

Kipanya changu kilikufa usiku, nikiwa katikati ya katuni ya mvuvi wa Dunga anayevuta wavu, ninayoitengeneza kwa Blender, programu ya kuchora picha zinazotembea. Maduka ya Kisumu yamefungwa, mteja anataka kazi asubuhi. Nikabaki na kibodi na kile kibao cha kugusa, na tangu siku hiyo sijarudia kukokota mstari wa muda, ule ukanda wa chini unaoonyesha ulipo ndani ya mwendo.

Anza na kishale cha kulia na cha kushoto: kila mbonyezo ni fremu moja, yaani picha moja ya mwendo. Blender huja ikiwa imewekwa fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 3 za mvuvi wangu ni mibonyezo 72. Usiibonyeze yote! Ukiona kitu kimeruka, simama hapo, ubonyeze kulia, kushoto, kulia, kushoto, huku macho yakibaki kwenye kiungo kimoja. Mimi nilikodolea kifundo cha mkono. Kwenye fremu ya 41 kilirudi nyuma kidogo kisha kikaendelea mbele, kosa ambalo nilikuwa nimelipita mara kumi nikikokota, kwa sababu macho yalikuwa chini yakifuata ule mstari wa buluu unaoonyesha fremu uliyopo.

Kishale cha juu hukupeleka kwenye fremu kuu inayofuata (fremu uliyowekea mkao wewe mwenyewe), cha chini kwenye iliyotangulia. (Mwanzoni nilidhani ni kinyume.) Hivi ndivyo ninavyokagua mikao: kuinama, kushika, kuvuta, kupumua, bila kupitia yaliyo katikati. Kama hakiruki, hakikisha umechagua mhusika mwenyewe, si mtumbwi.

Shift na kushoto ni mwanzo wa tukio. Shift na kulia, mwisho.

Kitufe kirefu cha nafasi huchezesha, na ukikibonyeza tena picha husimama papo hapo. Esc nayo husimamisha lakini hukurudisha ulikoanzia. Tofauti hiyo itakuokoa sana: unatazama mwendo, unabonyeza Esc, uko palepale ulipokuwa ukirekebisha.

Jambo moja litakukasirisha. Blender husikiliza dirisha lililo chini ya kielekezi. Nilikiacha juu ya ile orodha ya vitu, kule juu kulia, nikabonyeza kishale cha juu nikitaka fremu kuu. Badala yake nikawa nimechagua taa. Kirudishe kwanza juu ya mhusika.

Kipanya kipya nilinunua Jumatatu. Nacho nashika Alt nikizungusha gurudumu, fremu zinapita moja moja.