Namna ya kumsoma Hajiri pamoja na marabi na walimu wa Kanisa

Kabla sijasomea theolojia nilifanya kazi za ndani miaka minne, na katika nyumba ile sikuitwa jina langu hata siku moja. Nilikuwa "wewe", na wageni wakija nilikuwa "msichana wangu". Ndiyo maana nilipokaa na Mwanzo 16 kwa mara ya kwanza, kalamu mkononi, jambo la kwanza nililofanya ni kuhesabu nani anamwita Hajiri, mjakazi Mmisri wa Sarai mke wa Abramu, kwa jina. Hadi leo kila anayetaka kusoma habari hii nami namwanzishia hapo.

Soma Mwanzo 16, kisha 21:8-21. Vitabu vya ufafanuzi vifunge kwanza. Pigia mstari kila mahali mtu anaposema naye au anapomsema. Sarai anasema "mjakazi wangu". Abramu anajibu "mjakazi wako". Miaka inapita, watoto wawili wamezaliwa, na Sara (ndiye Sarai, jina limebadilishwa) bado anasema "mjakazi huyu na mwanawe". Msimulizi analitaja jina lake, lakini kinywa cha mtu wa nyumba ile hakilitaji. Analisikia akiitwa kwa mara ya kwanza akiwa mkimbizi mwenye mimba, kwenye chemchemi katika njia ya Shuri, na anayemwita ni malaika wa BWANA. Anamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Angalia vizuri: Hajiri anajibu nusu ya kwanza tu, kwamba anamkimbia bibi yake. Nusu ya pili hana jibu. Nami nililiacha swali hilohilo bila jibu usiku nilioondoka na mfuko wangu mmoja. Kisha yeye aliyekosa wa kumwita jina anampa Mungu jina: El Roi, Mungu wa kuona.

Baada ya hapo fuata neno moja. Katika 16:6 Sarai "anamtesa" Hajiri. Kitenzi hicho cha Kiebrania ndicho kinachotumika katika 15:13, Mungu anapomwambia Abramu kwamba wazao wake watateswa katika nchi ya ugeni, na tena katika Kutoka 1:11-12, Wamisri wanapowatesa Waisraeli. Ziandike aya hizo tatu kwenye ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine. Mmisri anateswa katika hema la Mwebrania kabla Mwebrania hajateswa Misri. Sasa ongeza 16:9, malaika anapomwambia arudi akanyenyekee chini ya mkono wa bibi yake. Kinachofasiriwa "nyenyekea" kinatoka katika mzizi uleule. Aya hiyo inauma. Usiirukie, wala usiitafutie dawa haraka. Iwekee alama, tutairudia.

Sasa fungua wafasiri, anza na Wayahudi. Sharti langu ni moja: usiandike kamwe "Wayahudi wanasema". Andika nani, kwa sababu wanabishana wao kwa wao, na ubishi wenyewe ndio mafundisho. Katika midrashi (mkusanyo wa zamani wa mafafanuzi ya marabi) ya Bereshit Rabba, juu ya Mwanzo, Rabi Shimon bar Yohai anasema Hajiri alikuwa binti wa Farao: baba yake aliona heri awe mtumishi katika nyumba ya Sara kuliko kuwa bibi katika nyumba nyingine. Kuhusu mchezo wa Ishmaeli, mwana wa Hajiri, katika 21:9, neno la Kiebrania ni kucheka au kucheza, na marabi wanagawanyika: mmoja anaona uzinzi, mwingine sanamu, mwingine kumwaga damu, mwingine ugomvi wa urithi. Nakushauri uandike kando ya kila jibu: je, linamwondolea Sara lawama ya kutaka wawili hao wafukuzwe? Lakini midrashi hiyohiyo inasimulia malaika wakimshtaki Ishmaeli aliyelala na kiu kwa mabaya ambayo wazao wake wangetenda baadaye, na Mungu anawauliza, sasa hivi yukoje? Mwenye haki, wanasema. Basi anahukumiwa kwa alivyo sasa. Sura hii ya 21 husomwa katika sinagogi siku ya kwanza ya Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, siku ya hukumu. Wangeweza kuchagua nyingine.

Halafu mfikie Ramban, yaani rabi Nahmanide (1194–1270), kwenye 16:6. Hapa kaa. Anaandika kwamba mama yetu alitenda dhambi kwa mateso haya, na Ibrahimu naye kwa kumruhusu. "Mama yetu"! Anamkiri kama mzazi, na anaiita dhambi dhambi katika sentensi moja. Mimi niliisoma mara tatu, nikafunga kitabu nikatoka nje. Mama wa nyumba ile alikuwa mcha Mungu kweli, akifunga na kusali, na sikuwa nimepata bado mtu wa kuniambia kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Kwa Wakristo, anza na Wagalatia 4:21-31. Paulo anawafanya wanawake wawili kuwa mfano wa maagano mawili: Hajiri ni Sinai na utumwa, Sara ni Yerusalemu wa juu. Kusoma kwa mafumbo hakukuzuka kwake. Philo wa Alexandria, mwanafalsafa Myahudi aliyeishi zama zile, alimfanya Hajiri kuwa elimu ya awali na Sara kuwa hekima. Kumbuka Paulo aliwaandikia watu wa mataifa waliokuwa wakishurutishwa watahiriwe. Ukilisahau hilo utamgeuza Hajiri kuwa fimbo ya kuwapigia Wayahudi, na Wakristo wengi walifanya hivyo. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, naye aliigeuza habari hii dhidi ya Wadonati, Wakristo wa huko waliojitenga na Kanisa: Sara alivyomwadhibu Hajiri ndivyo Kanisa linavyoweza kutumia sheria kuwarudisha waliojitenga. Hapo nauliza swali nililotoka nalo katika nyumba niliyotumikia: mfasiri huyu amekaa wapi, hemani au jangwani?

Martin Luther alimhurumia Hajiri kwa dhati. Msome kwa haraka, kisha nenda kwa Delores Williams, mwanatheolojia Mmarekani Mweusi, aliyeandika mengi juu ya Hajiri mwaka 1993. Anamwona katika wanawake Weusi waliotumikishwa miili na kulea wana wa wengine. Na hairuki 16:9. Anasema Mungu hapa hamkomboi Hajiri. Anampa njia ya kubaki hai, yeye na mtoto. Sikubaliani naye kila mahali, ila ndiye aliyeisoma aya ile bila kuipaka asali.

(Wasomaji Waislamu wanamjua Bibi Hajiri kwa Safa na Marwa, vilima vya Makka. Hilo linastahili somo lake.)

Mwisho rudi kwenye maandiko yenyewe, Mwanzo 25. Rashi, mfasiri Myahudi wa zama za kati, akifuata midrashi, anasema Ketura, mke wa Ibrahimu katika aya ya kwanza, ni Hajiri, amerudi akiwa mke. Rashbam, mjukuu wake, anakataa. Weka majibu yote mawili. Kisha soma aya ya 9, Isaka na Ishmaeli wakimzika baba yao pamoja, na aya ya 11, inayotaja mahali Isaka alipofanya makao: Beer-lahai-roi, kisima cha Hajiri.