Ukialikwa Diwali kwa jirani Mhindi hapa Mtwara

Kwanza jamani msiseme Wahindi wote ni walewale, wapo Wahindu, Wajaini (dini ya kale ya India inayokataza kuua kiumbe chochote), Waismailia, Mabohora, na hao wawili wa mwisho ni Waislamu kwahiyo Diwali, ile sikukuu ya taa ya Wahindu na Wajaini, sio sikukuu yao. Ukifika vua viatu mlangoni halafu angalia usikanyage rangoli, ile michoro ya unga wa rangi sakafuni, Watamil kule kusini mwa India wanachora kwa unga wa mchele wanaita kolam. Nyama na mayai usibebe kabisa, na Mjaini mshika dini hata kitunguu na viazi hali. Beba korosho zetu zilizobanguliwa, zile nyeupe, wanazisaga wanapika na sukari wanakata vipande kama kashata, ndo kaju katli hiyo, tamu balaa! Ukikaribishwa pokea kwa mkono wa kulia, kama kwetu tu.