Kuwanoa walimu wafundishe mambo ya anga kwa vitendo: beba machungwa, projekta iache

Kosa tunalofanya wengi kwenye semina za walimu ni kufika na slaidi 80 za sayari. Mwalimu anakaa, anakopi, saa nne chai, jioni anasaini posho, Jumatatu anarudi darasani kuchora maduara ubaoni vilevile alivochorewa yeye. Mi mwenyewe nimeendesha semina za hivo kwa muda tu kabla sijashtuka.

Ukitaka afundishe kwa kuchunguza, yeye achunguze kwanza, tena apate nafasi ya kukosea bila kuchekwa.

Kazi ianze wiki mbili kabla ya semina. Watumie meseji tu: kila siku chora mwezi ulivyo, andika saa na upande uliouona. Maelezo usitoe. Kuna watakaokwambia mwezi haukutoka, kumbe walitafuta usiku peke yake na mwezi ulikuwa juu saa mbili asubuhi watoto wakiwa mstarini! Wengine watalalamika kwamba kitabuni mwezi mchanga umesimama ila wao wameuona umelala kama dau. Wako sahihi, sisi tuko karibu na ikweta, ile picha ya kusimama ni ya watu wa mbali huko. Mwalimu akishagundua kwamba macho yake yamekishinda kitabu, we nusu ya kazi umemaliza.

Siku yenyewe uliza kwa nini mwezi unabadilika umbo, kila mtu aandike jibu lake kabla ya kusikia la mwenzake. Wengi wataandika "kivuli cha dunia". Usiseme hapana. Toka nao nje na machungwa.

Hapa ratiba ni muhimu, semina iangukie siku ambazo mwezi una umri wa siku 5 hadi 9 (angalia tarehe ya Kiislamu, ndo umri wenyewe huo) na zoezi lifanyike saa tisa au kumi alasiri, jua liko magharibi na mwezi uko juu mnauona wote. Kila mtu achomeke chungwa kwenye kijiti, anyooshe mkono kuuelekea mwezi, chungwa lipigwe na jua. Aangalie sasa. Sehemu ya chungwa yenye mwanga ina umbo lilelile la mwezi! Afu waulize, jua lile pale, mwezi ule pale, kivuli cha dunia kinaelekea wapi? Nyamaza. Wataanza kubishana wenyewe, na kivuli kinaelekea upande wa pili wa jua kwa iyo mwezini hakifiki kabisa siku iyo, ila hilo waseme wao sio wewe. Mawingu yakiharibu ingieni chumba chenye giza na balbu moja, inafanya kazi ila utamu unapungua.

Zoezi la pili ni fimbo ya mita moja iliyosimama wima. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu weka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila dakika 10. Wote watabashiri kivuli kifupi kabisa ni saa sita kamili, ila kwa Dar kinakuja saa sita na dakika ishirini hivi, kinasogea kidogo kutegemea mwezi wa mwaka. Ukiwa na mwalimu Kigoma afanye siku iyo iyo mtumiane majibu WhatsApp: yeye atachelewa kama dakika 40. Kwa nini, na saa zetu ni moja? Hapo dunia kujizungusha kwenye mhimili wake kunajieleza kwenyewe.

Jambo moja linasumbua sana huku kwetu. Muulize mwalimu kwa nini Januari kuna joto, atakwambia jua liko karibu. Na kweli dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 dhidi ya 152 za Julai, kwa iyo amepata ushahidi kamili wa jibu lisilo sahihi! Usimkatalie, muulize tu Ulaya mwezi huo huo wanavaa nini. Akikwama ndo umletee mpira uliochomekwa kijiti katikati, kijiti ndo mhimili wa dunia, muuinamishe aone ni upande upi umeelekea jua.

Kwa ukubwa, dunia ikiwa mpira wa miguu, mwezi ni kama limau, waulize wauweke umbali gani. Wengi wanasogea hatua moja. Jibu ni mita 6 na nusu hivi.

Jua msilitazame moja kwa moja, wala kwa darubini, iyo haina mjadala.

Kwako mwezeshaji kazi ngumu ni mdomo. Ukiulizwa swali rudisha: "umejuaje?" au "tutapimaje?" Afu hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Posho isikudanganye uone lazima uongee.

Siku ya mwisho wafundishane wao kwa wao, na wapange kwa darasa la watoto 90, sio 20, kila kundi na fimbo yake.

Mwezi ukiandama tena kila mmoja atume kwenye grupu picha ya michoro ya wanafunzi wake. Asiyetuma mpigie, mara nyingi sio uvivu, mkuu wa shule kamwambia amalize silabasi kwanza. Nenda ukaongee na mkuu mwenyewe, na yeye mpe chungwa.