Kagua uzio wa malisho kwa jicho la wanyamapori

Mfugaji akikagua uzio huuliza jambo moja: ng'ombe watatoka? Nguzo zikiwa zimesimama na waya haujakatika, kazi imeisha. Kwa wanyamapori swali hilo halitoshi. Uzio mzima, uliokazwa vizuri, unaweza kuwa umefunga njia ya swala kwenda kunywa maji, na ule uliochakaa ukaua zaidi, maana waya uliolegea hujisokota mguuni kwa urahisi kuliko uliokazwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua waya mpya au kung'oa chochote, utembee uzio wote kwa miguu. Ukiwa ndani ya gari utaona nguzo zilizoanguka, basi. Manyoya yaliyonasa kwenye miba ya waya wa chini huyaoni mpaka uiname.

Vifaa ni vichache: simu inayorekodi mahali ulipo, daftari, na fimbo iliyonyooka uliyoitia alama kwenye sentimita 45 na 100, pamoja na alama ya urefu wa sentimita 30 peke yake. Alama ya kwanza ni ya waya wa chini: ukiwa juu ya sentimita 45 kutoka ardhini, wanyama wengi wanaotambaa hupita, chini ya 40 huanza kukwama. Ya pili ni ya waya wa juu, ambao kwa malisho ya ng'ombe hauna haja ya kuzidi sana mita moja. Zile 30 ni nafasi kati ya waya wa juu kabisa na unaoufuata. Nafasi hiyo ndiyo inayosahaulika, nayo huua sana. Mnyama akiruka, miguu ya nyuma huingia kati ya nyaya hizo mbili; zikiwa karibu karibu hujipinda na kumbana, naye hubaki ananing'inia.

Pima katikati ya nguzo mbili, si kwenye nguzo. Kwenye nguzo waya uko pale ulipopigiliwa; katikati umelegea, na ardhi yenyewe ina mabonde na vichuguu. Kwenye mkondo wa maji waya wa chini unaweza kuwa juu hata mita nzima, na hapo ndipo utakapokuta nyayo nyingi kuliko mahali pengine popote. Usikimbilie kuliziba pengo la namna hiyo kama mifugo hailitumii kutoroka.

Si kila mnyama huruka. Pofu na tandala huruka vizuri. Ngiri huchimba na kupita chini. Pundamilia mara nyingi hugeuka na kufuata uzio. Pronghorn, mnyama wa nyanda za Marekani Kaskazini anayefanana na swala na mwenye mbio kuliko wote wa bara hilo, ana uwezo wa kuruka lakini karibu kila mara huchagua kutambaa chini. Jua kwanza ni wanyama gani wanaopita kwako, ndipo uamue ni waya upi unaokuhusu zaidi.

Sasa dalili. Manyoya kwenye waya wa chini yanaonyesha wanapita kwa taabu. Wanapita hata hivyo. Manyoya kwenye waya wa juu, tena wenye miba, ni onyo. Njia inayokata uzio moja kwa moja ni kivuko: kirekodi na ukilinde. Dalili ninayoihofia kuliko mzoga ni kijia kilichokanyagwa sambamba na uzio, hasa kikiishia kwenye kona. Hapo kundi limefika, limetafuta mwanya, limekosa. Mizoga huliwa na fisi ikatoweka, lakini kijia hicho hubaki.

Mizoga nayo uihesabu, na usiishie kwenye ile iliyonaswa. Angalia hata iliyolala pembeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu nyanda za Utah na Colorado, Marekani, ulikuta kwa wastani mnyama mmoja aliyenaswa kwa kila kilomita 4 za uzio kwa mwaka, na wachanga walikufa mara 8 zaidi ya wakubwa. Mama huruka, mtoto hubaki upande wa pili. Uzio wa wavu wenye waya wa miba juu ndio ulioongoza kwa vifo, kwa sababu mtoto hawezi kutambaa chini yake wala kuuruka.

Mahali waya umekatwa kwa koleo na kipande hakipo, weka alama ya pekee. Huenda kipande hicho sasa ni mtego wa kitanzi kichakani.

Kwa uzio wa umeme tazama waya wa chini kabisa. Kakakuona akiguswa na umeme hujikunja, mara nyingine akauzungushia waya mwili wake, na kobe husimama palepale badala ya kurudi nyuma. Wote wawili hufa hivyo.

Kila aina ya uzio inapobadilika, anza mstari mpya daftarini: idadi ya nyaya, vipimo vitatu vya fimbo, wenye miba au laini, hali yake, dalili. Kisha andika safu ambayo wengi huiruka: bado unahitajika? Botswana iliondoa mwaka 2004 sehemu ya uzio wa kuzuia magonjwa ya mifugo uliojengwa mwaka 1968, na ndani ya miaka michache pundamilia walikuwa wakihama tena kati ya Okavango na Makgadikgadi, ingawa hakuna pundamilia aliyekuwa hai ambaye angeweza kuikumbuka safari hiyo. Uzio wa namna hiyo, au wa mpaka na barabara, si wako kuugusa bila mamlaka husika au jirani. Ule wa ndani usiogawa chochote ni wako.

Anza marekebisho kwenye vivuko na kwenye vijia vya sambamba, si mwanzo wa uzio hadi mwisho. Kukusanya mizunguko ya waya iliyoachwa majanini ni kazi ya bei rahisi kuliko zote. Kisha badilisha waya wa chini uwe laini na uupandishe. Mwenye mbuzi na kondoo hawezi kuuacha sentimita 45, watatoka wote. Aufunge kwa kulabu, aupandishe wanapohamishwa. Mageti yaachwe wazi malisho yanapokuwa matupu.

Rudi msimu uleule mwaka unaofuata na fimbo ileile, uanze na zile kona.