Kadi ya kliniki iandikwe saa, si tarehe pekee

Wenzangu wa kliniki za presha na sukari hapa Mombasa, mnapompa mgonjwa tarehe ya kurudi, mwandikieni na saa. Kumi waje saa mbili, kumi saa tatu, hivyo hivyo. Kadi ikiwa na tarehe tupu, hata wa Likoni hupanda feri alfajiri kuwahi namba, na mabenchi yanajaa kabla daktari hajafika. Wa kupimwa sukari kabla ya kula wapeni saa ya kwanza; ni vibaya mzee kukaa na njaa hadi adhuhuri. Mpango huvunjika daktari akikawia wodini, au karani akiendelea kumwita aliyetangulia kufika. Hapo watu wataanza tena kurauka.