Kupima kazi ya warina asali bila kuiharibu asali

Ukiongoza kikundi cha warina asali huku kwetu Sikonge, mkoani Tabora, usiwalipe kwa kilo tupu. Kilo zikitangulia, mtu atakata hata masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta, ambayo asali yake bado ina maji mengi, na asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchachuka upesi. Mchumi Charles Goodhart wa Uingereza alionya mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha: mwenendo wa takwimu huelekea kuvunjika ukitumiwa kudhibiti mambo. Kilo za asali nazo ni vivyo hivyo.

Mimi hufungua ndoo mrina wake akiwepo. Sega likiwa limezibwa karibu lote, napokea, ndipo napima uzito. Uliza pia amewaachia nyuki chakula kiasi gani. Na jamani, msibandike ukutani majina ya walioshika mkia. Mzee mwenye mizinga michache anaaibishwa kwa kosa gani?